Bel-Air: muji uliochorwa bila kuuliza wakaaji

Kwa Kifaransa Bel-Air ni hewa nzuri. Wakaaji wa kartie hii ya komini ya Kampemba, Lubumbashi, hawakulichagua jina hilo. Na si jina tu. Tangu 1910, mwaka ambao reli ya kutoka Rhodesia ilifika na Wabelgiji wakaanza kukata avenyu za Élisabethville, mistari ilipigwa kwanza juu ya karatasi. Mutu mweusi alijua kazi ikisha kuanza.

Mufano mukubwa ni Kamalondo. Mwanzoni Waafrika walikaa karibu na nyumba za Wazungu. Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia, wakubwa waliamua kuwahamisha, wakaacha uwanda mutupu katikati. Sababu waliyotoa ilikuwa mbu na magonjwa. Lakini mupishi na mufuaji wa nguo waliendelea kuingia kwa Muzungu kila asubuhi, na hapo hakuna aliyeogopa malaria. Kenya, Katuba na Ruashi zilipokuja, raia hawakuulizwa vilevile.

Sauti ya raia ilianza kuhesabiwa mu Desemba 1957, wakati wa kuchagua wakubwa wa komini. Na bado ni wanaume tu waliopiga kura, wenye miaka 25 na zaidi.

Mu 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya muji huu jinsi baboi, watumishi wa nyumba, walivyoiona. Wale ambao hakuna aliyewauliza walikuwa wamekumbuka kila kitu.

Leo sheria inasema mengine. Ile ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira, katika artikle 24, inataka uchunguzi wa hadhara kabla ya kila mradi unaoweza kugusa mazingira: kujulisha raia, zaidi wakaaji wa pale pale, na kukusanya mawazo yao, hata yale yanayopinga. Sheria ya 22 Februari 1977 inataka mutu anayeweza kunyanganywa parsele apate barua, kwa posta ama mukononi, na atie sahihi kwamba ameipokea. Katiba ya 2006, artikle 34, inaongeza kwamba malipo yatangulie.

Shida ni namna ya kuyafanya. Tangazo la Kifaransa likibandikwa ku biro ya komini, mama anayeuza makala barabarani hatalisoma. Mukutano ukiitwa saa ine ya asubuhi, siku ya kazi, watakuja wazee na wenye kukosa kazi. Afazali sefu wa kartie apite avenyu kwa avenyu, na redio isome tangazo kwa Kiswahili, mangaribi, watu wakiwa nyumbani.

Tena kuna parsele ambazo karatasi zake zingali kwa jina la baba aliyekufa zamani, watoto wakikaa ndani pamoja na wapangaji. Barua ile itaandikiwa nani? Hilo linapaswa kujibiwa katapila ingali mbali.