Kabla Uweke Maneno Yako kwa Seva ya Mtu

Wiki jana dadangu mdogo aliniuliza, "Nianzishe blogu yangu wapi?" Nilitaka kumjibu haraka haraka, nikakwama. Mwaka wa 2019 nilikuwa naandika stori za shosho, vile alivyofika Nairobi akiwa msichana na kiondo kimoja, kwenye jukwaa fulani la bure. Siku moja nafungua hivi, akaunti imefungwa. Hakuna barua pepe, hakuna namba ya kupiga. Shosho ashatuacha. Siwezi kumuuliza tena.

Baadaye nikaanza kusoma historia ya hii mambo, nikajua siko peke yangu kabisa.

GeoCities ilianza Marekani mwaka wa 1994. Ulikuwa unapewa nafasi bure ujenge ukurasa wako, na kurasa zilipangwa kwa mitaa: watu wa filamu walikaa Hollywood, wa muziki SunsetStrip. Yaani mpaka jina lilikufanya uhisi uko na ploti. Mwaka wa 1999 Yahoo wakainunua kwa mabilioni ya dola. Oktoba 2009 wakaizima. Mamilioni ya kurasa! Watu wa kujitolea, Archive Team, walikimbia kuokoa walichoweza, lakini si kila kitu kilipatikana. Hapo ndipo wengi waligundua kwamba ile ploti haikuwa na title deed.

Sasa utasema, si basi kila mtu aweke programu kwa seva yake? Ngoja kidogo. Mwaka wa 2001 Ben na Mena Trott, mtu na mkewe, walitoa Movable Type, programu ya blogu uliyoweka kwa seva yako mwenyewe. Wanablogu waliipenda sana. Halafu Mei 2004 likaja toleo la 3.0 na masharti mapya: ukitaka waandishi wengi au blogu nyingi, toa pesa. Seva ni yako, sawa, lakini programu ina mwenyewe. Watu walikasirika, wakahama.

Walihamia wapi? Wengi walienda WordPress, na hii stori ndiyo naipenda zaidi. Kulikuwa na programu inaitwa b2, na aliyeitengeneza alikuwa amenyamaza. Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 tu, akaandika kwamba angependa kuiendeleza. Mike Little, aliyekuwa Uingereza, akamjibu: niko ndani. Waliweza kwa sababu leseni ya b2 iliruhusu mtu yeyote kuichukua na kuibadilisha. Mei 27 mwaka huohuo WordPress ikatoka. Na mwaka wa 2005 ikaja WordPress.com, ya wale hawataki kushika seva.

Hata hapa kwetu hilo swali liliulizwa. Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 kwenye zile vurugu za baada ya uchaguzi, ilikuwa programu huria: unaipakua, unaiweka kwa seva yako. Shida ni kwamba mtu aliye kwenye janga hana muda wa kusumbuana na seva. Ndiyo maana mwaka wa 2010 wakaleta Crowdmap, unajisajili tu na ramani yako iko tayari.

Na tusidanganyane, kujisimamia kuna stress yake. Mimi baada ya kuchomwa nilinunua jina la .co.ke, nikaweka WordPress yangu, nikajiona injinia. Nikakaa miezi minane bila kusasisha plagini hata moja. Asubuhi moja rafiki ananipigia akicheka: tovuti yangu inauza dawa za nguvu za kiume. Hapo sikuwa na jukwaa la kulaumu.

Dadangu yuko kidato cha nne, hana muda wa hizo drama. Amechagua kukaa kwa seva ya wenyewe, na sijampinga. Nilimwekea masharti mawili tu: jina la tovuti liwe lake, ili akihama wasomaji wamfuate, na kila Jumapili jioni apakue faili la posti zake zote, aliweke kwa flashi.

Ya kwanza tulipakua jana. Posti sita nzima, na bado faili ilikuwa nyepesi kuliko selfie moja kwa simu yake.