Chupa ya Sosi Mezani kwa Waziri Mkuu



Majuzi nilialikwa karamuni katika hoteli moja ya mjini. Samaki alipoletwa nikamwomba mhudumu pilipili ya ukwaju. Bwana mmoja tuliyekaa naye, tai shingoni, akacheka: "Mzee, hapa si kwa mama ntilie." Nilinyamaza, nikala samaki mkavu. Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka chupa moja ya Uingereza ambayo nayo ina ukwaju ndani yake.

Chupa hiyo ni ya HP, sosi nzito ya kahawia yenye siki, nyanya, tende, ukwaju na viungo. Jina hilo liliandikishwa mwaka 1895 na Frederick Gibson Garton, muuza duka wa Nottingham. HP ni kifupi cha jina la majengo ya Bunge la Uingereza, maana Garton alisikia kwamba mkahawa wa humo umeanza kuiandaa sosi yake. Hakufaidi sana. Alikuwa akidaiwa na mwenye kiwanda cha siki cha Birmingham, na mwisho akamwachia mapishi na jina kwa pauni 150 na kufutiwa deni.

Ilipotoka kiwandani chupa ilibandikwa picha ya Bunge. Kwa miaka mingi, mpaka 1984, ilikuwa pia na maelezo ya Kifaransa, lugha ya jikoni kwa wakubwa. Lakini wenye nafasi zao hawakudanganyika. Sosi ilikuwa ya bei nafuu, na wafanyakazi waliimwagia soseji, mayai na viazi vya kukaanga. Na kilichowaudhi zaidi, nadhani, ni ile chupa yenyewe kusimama mezani. Katika jumba la bwana mkubwa mchuzi hutengenezwa na mpishi, ukaletwa na mtumishi katika chombo cha fedha. Chupa ya dukani inatangaza kwamba nyumba hii haina mpishi.

Ndipo akatokea Harold Wilson wa chama cha Labour. Mkewe, Mary, aliliambia gazeti la Sunday Times kwamba kama mumewe ana kasoro, basi ni kukigharikisha kila chakula kwa HP. Watu wakaiita sosi hiyo mchuzi wa Wilson. Waliosema kwa dharau walikuwapo, lakini kura hazikumpungukia. Mwaka 1964 alimshinda Alec Douglas-Home, mtu wa ukoo wa kilodi aliyelazimika kuuvua ulodi wake mwaka uliotangulia ili aingie Bunge la makabwela. Mbele ya mtu kama huyo, chupa ya sosi ilikuwa bendera nzuri. Wilson mwenyewe alikuwa amefundisha Oxford akiwa kijana mno, na inajulikana kwamba alivuta kiko mbele ya kamera, na sigara zile nene za matajiri akiwa faragha. Sosi, hata hivyo, sina sababu ya kuitilia shaka.

Kiwanda cha Birmingham kilifungwa mwaka 2007, kazi ikahamishiwa Uholanzi. Picha ya Bunge imebaki kwenye chupa.

Yule bwana wa karamuni, kabla sijasahau, viazi vyake alivimiminia sosi nyekundu ya nyanya, ya chupa, mpaka havikuonekana.