Mkazo wa Kodály, Toni ya Amu

Mtunzi wa Kihungari Zoltán Kodály alikuwa bado kijana mwaka 1906 alipowasilisha mjini Budapest tasnifu ya udaktari kuhusu muundo wa beti katika nyimbo za jadi za Kihungari. Mwaka uliofuata akawa profesa katika Akademia ya Muziki, akafundisha utunzi. Wakati huohuo yeye na mtunzi mwenzake Béla Bartók waliendelea kuzunguka vijijini na fonografu, wakirekodi nyimbo za wakulima.

Huko vijijini Kodály alisikia jinsi lugha inavyoongoza muziki. Kihungari huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno. Tuni nyingi za Kijerumani huanza na noti dhaifu kabla ya pigo, kwa hiyo maneno ya Kihungari yakipachikwa humo huchechemea. Sisi tunalijua tatizo hilo makanisani. Mistari mingi ya tenzi za Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo, ilhali Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi noti nzito ya kufunga mstari huangukia silabi isiyostahili, na neno “Baba” huimbwa kana kwamba mkazo wake uko mwishoni.

Mtunzi Ephraim Amu, aliyezaliwa Peki nchini Ghana mwaka 1899, alikuwa na kazi ngumu kuliko hiyo, na naona hajapewa heshima inayomstahili. Kiewe na Kitwi, lugha alizotungia, ni lugha za toni: sauti ikipanda pasipo pake, neno hupotea au hugeuka neno jingine. Mkazo humfunga mtunzi katika mapigo tu, lakini humwachia uhuru wa kupanda na kushuka. Toni humfunga katika melodia yenyewe. Tena ubeti wa pili una maneno mengine, yaani toni nyingine, hivyo tuni moja haiwezi kubeba beti zote bila kuharibu baadhi yake. Na kwaya ya sauti nne? Kila sauti hutamka maneno yaleyale, na kila moja inadai njia yake. Amu aliyakabili haya akiwa mwalimu wa chuo cha ualimu cha Akropong, miaka mingi kabla ya kwenda Royal College of Music, London, mwaka 1937.

Wote wawili waliadhibiwa na taasisi zao. Kodály alisimamishwa kazi kwa sababu ya wadhifa alioshika katika Akademia wakati wa serikali ya kikomunisti ya 1919. Miaka minne baadaye akatoa *Psalmus Hungaricus*, zaburi ya mtu aliyesalitiwa. Amu alihubiri akiwa amevaa nguo ya Kiafrika, na mwaka 1933 akaondolewa Akropong. Chuo cha Achimota kikampokea.

Kodály aliishi kuona dola ikiyachukua mafundisho yake hadi shule za msingi, watoto wakisoma muziki kwa kuimba nyimbo za kwao. Amu alifundisha hadi Chuo Kikuu cha Ghana, bila mfumo mkubwa kama ule nyuma yake. Aliyeiendeleza kazi yake ni J. H. Kwabena Nketia, mtunzi na profesa, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wa mbolezi za Waakan, maneno pamoja na muziki wake.