Swali la Tula: kisiwa cha Curaçao jana na leo

Wengi wetu tulilisikia jina la Curaçao mwaka wa 2025, timu yake ilipofuzu kwa Kombe la Dunia. Ni kisiwa cha Bahari ya Karibi, karibu na Venezuela, chenye kilometa za mraba 444 tu. Waholanzi walikinyang'anya kwa Wahispania mwaka wa 1634, na kampuni yao ikakigeuza kuwa ghala la watumwa, wakiuzwa toka hapo hadi bara la Amerika. Meli za Waholanzi zilipakia watu pia kwenye pwani ya Loango, kaskazini ya mlango wa mto wetu Kongo. Kwa hiyo hatusomi habari za wageni watupu.

Tarehe 17 Agosti 1795, katika shamba la Kenepa, watumwa walikataa kwenda kazini. Kiongozi wao, Tula, hakuanza kwa panga bali kwa hoja. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka wa 1794; mwaka uliofuata majeshi yake yakaiteka Uholanzi. Basi, ikiwa bwana ametawaliwa na Mfaransa, mbona sheria ya Mfaransa isimfikie mtumwa?

Serikali ya kisiwa ilimtuma Padri Jacobus Schinck, Mfransisko, akawatulize. Mabwana wengi hawakuwa Wakatoliki, lakini watumwa walikuwa wamebatizwa na mapadri; ubatizo huo haukuwabadilishia chochote mbele ya sheria. Tula akamkabili padri kwa katekisimu yenyewe: je, watu wote si wazao wa Adamu na Hawa? Padri alirudi mikono mitupu. Alikuwa mjumbe wa wakubwa, hilo tusilifiche. Hata hivyo ni taarifa yake iliyotuhifadhia sauti ya Tula.

Uasi ulizimwa kwa silaha. Tarehe 3 Oktoba Tula aliuawa hadharani kwa mateso makali. Utumwa uliendelea miaka 68 mingine, hadi tarehe 1 Julai 1863.

Na leo? Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 Curaçao ni nchi yenye kujitawala ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Ina waziri mkuu wake na bunge la watu 21. Mfalme anawakilishwa na gavana, na ulinzi pamoja na mambo ya nje ni kazi ya Ufalme. Katika kura ya mwaka wa 2005, waliochagua uhuru kamili hawakufika asilimia 5. Sisi tuliolelewa na nyimbo za uhuru twaweza kushangaa, lakini tusiwahukumu upesi: wanabeba pasipoti ya Uholanzi, na jamaa zao wengi wanaishi huko. Uholanzi ililipa sehemu kubwa ya madeni ya kisiwa, na kwa malipo hayo ikapata neno katika mfuko wake: halmashauri ya usimamizi wa fedha huchunguza bajeti kila mwaka. Hapo ndipo mabishano ya siasa zao yanapowaka.

Kisiwa kilimtangaza Tula shujaa wa taifa mwaka wa 2010. Serikali ya Uholanzi ilimrudishia rasmi heshima yake tarehe 3 Oktoba 2023.