Kodi iliyohama kutoka kichwani hadi dukani

Septemba 2018, Waziri wa Fedha wa Zambia, Margaret Mwanakatwe, alisimama bungeni Lusaka na kutangaza kwamba nchi yake itaifuta kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, na kurudia kodi ya mauzo. Kwa mfanyabiashara wa Tunduma, mji wa mpakani upande wa Tanzania, hiyo haikuwa habari ya ughaibuni. Nakonde ya Zambia ni ng'ambo ya barabara tu, na bei ikigeuka kule asubuhi, huku watu wanapiga hesabu upya kabla ya adhuhuri.

Mpango ulikuwa bidhaa za ndani zitozwe asilimia 9 na zinazotoka nje asilimia 16, kuanzia Aprili 2019. Serikali ya Zambia ilikuwa imeelemewa na madai ya marejesho ya VAT, hasa kutoka kampuni za migodi ya shaba, ambazo huuza nje na hivyo hudai kurudishiwa kodi ziliyolipa kwenye manunuzi. Kodi ya mauzo haina marejesho. Ukishalipa, umelipa.

Wenye viwanda walikuja juu, na hoja yao inaeleweka kwa mfano mdogo tu. Mzigo wa shilingi 100 ukipita mikono mitatu, na kila mkono ukitozwa asilimia 9, unafika kwa mlaji ukiwa karibu shilingi 130, kabla hata mtu yeyote hajaweka faida yake. Kodi inatozwa juu ya kodi. Tarehe ya kuanza ikasogezwa hadi Julai, ikasogezwa tena hadi Septemba. Mwezi Julai Rais Edgar Lungu akamwondoa Mwanakatwe. Septemba 2019 mrithi wake, Bwalya Ng'andu, akasoma bajeti na kusema VAT inabaki. Mwanzoni mwa Oktoba, Lungu na Rais John Magufuli wakafungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mifumo ya kodi ya pande zote mbili ikiwa ile ile ya mwaka uliotangulia.

Zambia ilijaribu ikarudi nyuma. Tanzania iliwahi kubadili kweli, nusu karne kabla, na yaliyofuata yanatufaa zaidi.

Mwanzo wa kodi iliyobadilishwa ni mwaka 1898, Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba: rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Ng'ambo ya pili, kampuni ya Waingereza ya British South Africa ilileta kodi ya namna hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mpaka wenyewe ulikuwa umekubaliwa Julai 1890 huko Ulaya, ukifuata kwa ukaribu njia iliyoitwa barabara ya Stevenson, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wako katika nchi mbili, na wanadaiwa na wakubwa wawili. Kodi hiyo haikuangalia mtu amevuna nini. Ilitaka fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa kwenye ajira ya wazungu: mashambani, baadaye kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Waliotunga kodi hiyo walilijua hilo, na ndivyo walivyotaka.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, sheria yao ya mwaka 1922 iliunganisha kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kodi ya mapato ilikuja baadaye sana, mwaka 1940, na iliwagusa wachache: wazungu, wafanyabiashara wakubwa, kampuni. Kwa hiyo tangu hapo nchi ilikuwa na milango miwili. Mwenye kipato kikubwa alihesabiwa kipato chake, na mwananchi wa kawaida alihesabiwa kichwa chake. Uhuru ulipokuja 1961 milango hiyo ilibaki, ila aliyesimama mlango wa pili sasa alikuwa karani wa halmashauri badala ya mtu wa mkoloni.

Mabadiliko yakaja miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1969, Amir Jamal akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa na kodi ya mauzo ikaanzishwa. Mwaka uliofuata ushuru wa mazao nao ukaondolewa. Siasa yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Chama kilichojiita cha wakulima na wafanyakazi hakingeweza kuendelea kumtuma mgambo kumfukuza mkulima kwa ajili ya stakabadhi ya kodi. Kodi ya mauzo ilikusanywa kiwandani na bandarini, kwa watu wachache wenye vitabu vya hesabu, halafu ikaingia ndani ya bei. Mkulima wa Mbozi aliyenunua sukari alilipa bila kuitwa jina.

Marekani wapo wanasiasa ambao tangu 1999 wamekuwa wakipeleka bungeni muswada wa kuifuta kodi ya mapato na kuweka kodi moja ya mauzo kwa taifa zima. Haujawahi kupita. Wanauita uhuru wa mlipakodi. Tanzania ya Ujamaa ilipita njia inayofanana kwa sababu iliyo kinyume kabisa, nayo ni kumpunguzia mnyonge. Sina hakika kama mnyonge alipunguziwa mzigo au alifichwa asiuone. Mwenye mshahara mdogo hutumia karibu wote dukani. Mwenye mwingi hubakiza.

Halmashauri ndizo zilizoumia kwanza. Zikiwa zimepoteza vyanzo vyake, zilianza kutegemea Hazina, na mwaka 1972 zile za vijijini zikafutwa kabisa. Kodi ya mauzo yenyewe ilikua hadi ikawa nguzo kuu ya mapato ya serikali. Lakini kodi ya mauzo inahitaji mauzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinasuasua, maduka ya ushirika yana rafu tupu, na bidhaa adimu zinapita njia za panya. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Miji ya mpakani kama Tunduma ilikuwa na sababu zote za kuingiwa na wasiwasi.

Halmashauri ziliporudishwa, kodi ya kichwa ilirudi nazo kwa jina la kodi ya maendeleo. Mgambo wakarudi, vizuizi vya barabarani vikarudi, na watu wazima wakarudia kukimbilia porini. Mwaka 1998 Wameru wa Arumeru waligoma waziwazi. Juni 2003, Waziri wa Fedha Basil Mramba akaifuta.

Wakati huo VAT ilikuwa imeshachukua nafasi ya kodi ya mauzo, tangu Julai 1, 1998, kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashuka hadi 18. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi 1996, imetufundisha wote kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kodi ya mishahara ipo pia, lakini asiyefikisha shilingi 270,000 kwa mwezi haimgusi, na wengi wa wanaohangaika sokoni Tunduma hawana mshahara wowote. Kwao serikali inafika kupitia bei.

Hapo ndipo mpaka unapoumbua mambo. Mkazi wa Dodoma haoni asilimia 18 iliyo ndani ya mfuko wa sukari, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho. Wa Tunduma anacho. VAT ya Zambia ni asilimia 16, ushuru wao wa forodha ni mwingine, na kwacha hupanda na kushuka inavyotaka. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa nauli ya bodaboda kwenye njia za panya, na ndiyo inayofanya mzigo ulioandikwa kuwa unakwenda Congo ushushwe usiku upande huu.

Kodi ikionekana, hugeuka siasa papo hapo. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipokatwa mbele ya macho ya mtumaji, nchi nzima ilipiga kelele, na Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia pamoja na mengine namna VAT inavyodaiwa. Oktoba mwaka huo ikazinduliwa tume ya Rais ya kuangalia upya mfumo wa kodi, ikiongozwa na Balozi Ombeni Sefue.

Kisha katika bajeti ya Juni 2025, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akapendekeza VAT iwe asilimia 16 kwa mlaji anayelipa kwa benki au mtandao, na ibaki 18 kwa anayelipa taslimu. Kiwango cha kwanza ni kile kile cha Nakonde. Cha pili kinamwangukia zaidi anayelipa kwa noti, na kwenye vibanda vya Tunduma noti, za shilingi na za kwacha, ndizo zinazotembea.