Kabati la chuma na radi: somo la tangu 1836

Mwezi wa saba 2013, wakaaji wengi wa Kamango walikimbia vita, wakavuka hadi Bundibugyo, Uganda. Aliye mbali hufuata habari za kwao kwa redio. Mitambo ya redio ikiunguzwa na radi, hasikii tena kitu, na Kongo ya mashariki hupigwa na radi sana.

Kinga yake ni ya zamani. Mwaka 1836, huko London, Michael Faraday aliingia ndani ya chumba kilichozungushiwa metali. Umeme ulirushwa kwa nje, yeye hakuguswa, maana ulipita juu ya metali tu. Ndiyo sababu kompyuta na mitambo hufungiwa ndani ya kabati la chuma. Lakini waya usio na kinga huingiza radi ndani: kabati liunganishwe na ardhi, nyaya zichomolewe mvua ikikaribia.