Bao la alasiri, urojo wa usiku

Kila tarehe 7 Aprili viongozi hukusanyika Kisiwandui, mjini Unguja, kumsomea hitma Mzee Abeid Amani Karume. Baada ya dua yatatajwa Mapinduzi, majumba ya Michenzani na elimu bila ada. Kinachopitwa haraka ni kile alichokuwa akikifanya mauti yalipomfika: alikuwa kwenye bao.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka 1972. Katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa ameketi na wenzake, ubao katikati yao, kama ilivyokuwa desturi yake baada ya shughuli za siku. Watu wenye silaha wakaingia na kufyatua risasi. Karume akafa, na Sheikh Thabit Kombo, Katibu Mkuu wa chama, akajeruhiwa. Urais ukaenda kwa Aboud Jumbe. Mengine ya kesi na siasa yameandikwa na wengi, kila mmoja kwa upande wake, nami siyagusi.

Ninachokitazama hapa ni lile baraza la bao lenyewe. Mkuu wa dola, baharia wa zamani, alikuwa na saa yake ya bao kama mvuvi au fundi seremala yeyote wa mtaa wa Ng'ambo, na saa hiyo haikuwa siri. Waliomwua walijua pa kumkuta. Leo mkubwa akitaka kustarehe huingia ndani, geti likafungwa. Karume alistarehe mbele za watu, na bao ndivyo linavyotaka, kwa sababu bao lisilo na watazamaji wa kulibishia halijakamilika. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mtu wa bao, na zipo picha zake akicheza.

Mchezo huu ni mkongwe kuliko chama chochote. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Unguja, aliueleza katika kitabu chake juu ya Zanzibar cha mwaka 1931. Ila aliyekaa nao kwa muda mrefu, kiasi cha kuujua kwa ndani, ni Mholanzi Alex de Voogt, ambaye miaka ya 1990 alikuja Unguja kuwasoma mabingwa na kuwafanya mada ya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Leiden. Inatia haya kidogo kwamba tukitaka kujua mabingwa wetu walifikirije, tunafungua kitabu cha Leiden.

Asiyelijua bao hudhani ni kuhamisha komwe tu. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete sita ndani ya nyumba, lile shimo kubwa la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando yake; 22 zilizobaki hukaa mkononi. Kwanza watu hunamua, wakiingiza kete moja moja ubaoni. Mkono ukiisha ndipo linapokuja bao la mtaji. Ukila kete za mwenzio unaziingiza upande wako kuanzia kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, na kete yako ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea: unakula tena au unasambaza tena, mpaka ilale katika shimo tupu. Mwendo mmoja unaweza kuzunguka mara kadhaa na kugeuza ubao mzima. Ipo hata miendo ambayo kwa hesabu haina mwisho.

De Voogt alivutiwa na jambo hilo hasa. Bingwa hutazama ubao, akapiga hesabu ya mzunguko wote kichwani, akajua kete ya mwisho italala wapi kabla hajanyanyua hata moja. Katika majaribio yake ilionekana kuwa bingwa anaweza kucheza bila kuuona ubao, anatajiwa tu mwendo wa mwenzake. Kwenye sataranji, mtu wa namna hiyo huandikwa magazetini. Kwetu anaitwa mzee asiye na kazi.

Na ugomvi haukosi. Kanuni ya takasia, inayomzuia mtu kuliondoa shimo lililokwisha kutegwa, imevunja mabao mengi kuliko mvua. Mmoja anasema umenitakasia, mwingine anasema hapana, watazamaji wanagawanyika, na mabishano huendelea hadi muadhini atakapoadhini magharibi.

Hapo tumbo hudai haki yake. Barazani watu wamekuwa wakinywa kahawa chungu tu, kwa vikombe vidogo, na kipande cha kashata. Baada ya sala watu huteremka Forodhani. Pale ufukweni, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, zamani palikuwa mahali pa forodha na mizigo. Katikati ya miaka ya 1930 pakafanywa bustani ya jubilii, na baada ya Mapinduzi ikapewa jina la Jamhuri. Wenyeji hawakujali jina lolote kati ya hayo. Forodhani ni Forodhani: pweza na mishikaki juu ya makaa, muhogo, mkate wa ajemi, juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Na urojo, bakuli la mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu au embe, ndani yake bajia, kachori, mbatata na chatne, juu yake chipsi za muhogo. Urojo huliwa na kundi. Anayekula peke yake hana wa kumwambia kwamba pilipili imezidi.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bustani ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya Julai 2009. Kazi ilikuwa nzuri: taa, njia, ukuta wa bahari. Tangu hapo meza za vyakula zimezidi kumwelekea mgeni, bei pia, na piza ya Zanzibar, ambayo babu zetu hawakuijua, imepata foleni ndefu kuliko urojo. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020, watu wakafa, na dunia ikasikia. Mabaraza ya bao yanayokufa moja moja hayapigi kelele. Serikali yenye sikukuu ya 7 Aprili kwa ajili ya mcheza bao ingeweza walau kuandaa mashindano ya bao siku hiyohiyo.

Vijana wameshika dhumna, keram na simu. Lakini bao lipo bado vichochoroni mwa Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba, zaidi Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri. Ukifika toa salamu, agiza kahawa, kisha ngoja zamu. Anayefungwa huondoka, anayeshinda hubaki kitini, na mgeni hana msamaha.